Mzee Aliyesikiliza kwa Meno

Mimi niliishia darasa la nne, na leo nina malori matatu, mashine mbili za kusaga na nyumba ya vigae hapa Sumbawanga ambayo wageni wakiiona wanauliza ni ya nani. Wenye vyeti nimewaajiri, wengine nimewafukuza. Sijivuni, nasema yalivyo. Lakini katika watu wote niliokutana nao, wenye suti na wenye makoti ya mitumba, aliyewahi kunifanya nijione mdogo ni mmoja tu, naye alikuwa fundi wa magari ambaye hakuwahi kushika usukani maishani mwake.

Tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi mjini, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, mtu anajua unamsema nani. Nami nitamwita hivyohivyo. Wanaomjua watamjua.

Gereji yake ilikuwa mtaa wa Chanji, nyuma ya mstari wa mikaratusi, na haikuwa na kibao. Alivaa koti zito jeusi kiangazi na masika, maana Sumbawanga baridi haina adabu. Ukimletea gari hakukimbilia boneti kama hawa wa siku hizi. Alisimama mbele ya gari, akainama kidogo, akapiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa, kama sisi watu wa Ufipa tunavyomsalimia mkubwa. Ndipo akafungua.

Wageni walimcheka. Msukuma mmoja aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake alileta trekta siku moja, akamwona mzee anapiga makofi mbele ya trekta, halafu anatia kijiti mdomoni na kuinamia injini. Yule bwana alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika huyu ni fundi na siyo mganga, kwa sababu habari za uchawi wa mji huu alizisikia tangu akiwa kwao. Nikamfikishia mzee maneno yale. Hakukasirika.

"Mwambie mganga anauliza nani amekuroga," alisema. "Mimi nauliza beringi ipi."

Kile kijiti ndicho kilichokuwa chombo chake kikubwa. Ulikuwa mti wa mninga, urefu wa mkono wa mtu mzima, umekuwa mweusi kwa grisi upande mmoja, na upande wa pili umetafunwa. Upande mweusi aliuweka juu ya chuma, upande wa pili aliuuma kwa meno, akafumba macho. Mlio ulipanda kwenye mti, ukaingia kwenye meno, ukafika kichwani. Alikuwa na sababu. Masikio yake yalikuwa yanakufa. Sikio la kushoto lilikuwa limekwenda zamani, la kulia lilimsaidia nusunusu. Ulimwambia shikamoo, ukamwambia tena kwa sauti kubwa, na marahaba yake ilikuja ukiwa umeshakaa. Kanisani alisimama wakati watu wameketi. Mkewe alimpigia kelele kuhusu chumvi, yeye akaenda kuleta kuni. Lakini mtu huyohuyo niliwahi kumwona akiuma kijiti juu ya lori lililokuwa linaunguruma, akanyoosha vidole vitatu, na walipofungua injini, pistoni ya tatu ndiyo iliyokuwa imepasuka. Mimi nilikuwepo. Sikusimuliwa.

Nilimuuliza kwa nini hajifunzi kuendesha, mtu anayeyajua magari hivi. Akasema kelele ni ya mguu wa mwenye gari. Akiendesha yeye, gari litamlilia yeye vingine, na mwenye gari atakuja kusikia kitu tofauti njiani. Kwa hiyo wewe uliendesha, yeye alilala nyuma, kwenye bodi, kijiti kinywani. Na hakukubali kusikiliza gari tupu. "Gari tupu ni muongo," alisema. Alitaka magunia. Kama huna mzigo alikwambia njoo nao utakapoupata, na watu wenye haraka waliudhika.

Mimi nilikuwa mmoja wa wenye haraka.

Alikuwa na jambo jingine, chaki. Hakufungua kitu chochote kabla hajakichora mstari wa chaki, nusu ya mstari kwenye kipande hiki, nusu kwenye kile, ili wakati wa kufunga mistari ikutane. Mifuko ya koti lake ilikuwa myeupe kwa ndani. Alisema chuma hakikumbuki kilikaaje, lazima mtu akikumbukie.

Na hapa niseme kitu ambacho sikukielewa kwake kwa muda mrefu. Zile zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu. Kabla yake kipuri kilikuwa cha kibali, unaandikiwa, unangoja, unasahau. Kila gari lilikuwa na watu wanaolijua: hili la misheni, hili la serikali, hili la yule Mwarabu. Fundi aliyajua yote kama padri anavyowajua aliowabatiza. Ruksa ilipokuja, vitu vikamiminika, giaboksi kutoka Uarabuni, injini kutoka Ujapani, zimepangwa chini pale Tunduma mpakani kama viazi. Mimi ruksa ndiyo iliyonitoa. Nilikuwa nabeba samaki wakavu wa ziwani kwa baiskeli, nikaacha baiskeli, nikanunua pikapu, nikaanza kununua mahindi kwa wakulima bila kumwomba mtu ruhusa. Mzee aliichukia ile biashara ya vipuri vilivyotumika. Alisema ni chuma kisicho na kwao, hujui kilimzika nani. Lakini kazi yake nyingi miaka ile ilikuwa ni kuvifunga hivyohivyo vyuma visivyo na kwao, na hakuna aliyevifunga vizuri kumshinda. Alivinung'unikia na kuvipigia makofi.

Giaboksi ya pikapu yangu ilikufa barabara ya Kate, gia ya tatu ikatafunika. Nikaenda Tunduma mwenyewe, nikachagua mwenyewe, nikaipakia kwenye basi chini ya miguu yangu. Mzee alipoiona aliizunguka mara mbili. Akaifungua, akaisafisha, akabadilisha beringi moja, akaipandisha mahali pake. Ilibaki shafti tu, ule mhimili mrefu unaotoka kwenye giaboksi kwenda kugeuza magurudumu ya nyuma. Ina vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, na kila mwisho una kiungo cha msalaba. Alikuwa ameilaza kwenye gunia, mistari yake ya chaki inaonekana.

Jumamosi hiyo ikaja habari kwamba dada yake amefariki kijijini Mwazye. Akafunga vitu vyake. Aliniambia: "Shafti usiiguse. Nikirudi ni kazi ya nusu saa."

Sasa mnielewe hali yangu. Kijijini Mpui kulikuwa na mahindi ya watu yamerundikwa nje, nimeshaahidi kuyabeba, na mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameanza kukaa upande wa ziwa. Mahindi yakinyeshewa yanaota, na hapo jina langu limekwisha. Jumapili asubuhi watu wakiwa misani, mimi nilikuwa gereji. Nikaitazama ile shafti, imejaa grisi na vumbi, nikaona uchafu. Mimi ni mtu wa usafi, hata leo malori yangu yanaoshwa kila Jumamosi. Nikaichomoa vipande viwili, nikaisugua kwa dizeli na brashi mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Nilipotaka kuirudisha, mistari ya chaki haikuwepo. Ilikuwa kwenye ndoo ya dizeli.

Nikaingiza meno kwenye meno. Yakaingia. Nikasema kama yameingia ndiyo hapo hapo. Nikafunga boliti nane kwa mikono yangu na nikajipongeza.

Mzee aliporudi siku ya Jumanne alikuta kazi imekwisha. Aliinama akatazama kwa mbali, bado ana vumbi la safari. Akaniuliza swali moja, kama nilifuata alama.

"Nimezifuata zote, Mzee," nikasema, kwa sauti ya kutosha ili asikie.

Akaitikia kwa kichwa. Hakurudia kuuliza.

Gari liliwaka vizuri, gia ziliingia kama kisu kwenye siagi. Lakini nilipofika mwendo wa kati, ukaja mvumo. Mwanzo ulikuwa kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe, kisha nikiongeza mwendo kiti kikatetemeka, usukani ukatetemeka, hata kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu. Nikarudi. Mzee akaniambia nilete mzigo asikilize. Nikakataa, sikutaka kukwama Mpui na mahindi ya watu mgongoni. Basi, kwa kuwa shafti nilikuwa nimemwambia iko sawa, yeye akaishuku giaboksi. Akaishusha, akaifungua, akakagua jino kwa jino. Hakuona kitu. Akairudisha. Mvumo uko palepale. Akaishusha mara ya pili. Mara zote mbili shafti alinikabidhi mimi niishike ilivyo isichomoke, nami nikaishika kwa uangalifu mkubwa, makosa yangu yote ndani yake.

Mzee wa zaidi ya miaka sitini, anabeba giaboksi kifuani, amelala chali kwenye udongo wa baridi, mara mbili, kwa ajili ya neno langu moja. Alikuwa na msemo: kelele ina nyumba yake, usimpige jirani. Mimi ndiye niliyemwelekeza kwa jirani.

Ningeweza kusema. Sikusema. Nikafanya baya zaidi. Pale stendi, madereva wakiwa wanakunywa chai, wakaniuliza mbona pikapu yangu inavuma kama ndege. Nikawaambia mzee amechoka, masikio yamekufa, sasa anaotea tu. Nilisema kwa kuchekesha, kama ninavyojua kuchekesha, na watu wakacheka. Mmoja akadakia kwamba siku hizi ukitaka kumwita mpaka umrushie jiwe. Neno likatembea. Mji wetu ni mdogo, neno likitoka stendi asubuhi, mchana liko mitaa ya Kizwite linapika ugali.

Lilimfikia. Nadhani mkewe alimpigia kelele akasikia. Kesho yake alinijia nyumbani kwa miguu, koti limefungwa mpaka shingoni, kijiti kwapani.

"Twende Mpui," akasema. "Mzigo upo kule."

Sikuwa na pa kukimbilia. Tulienda. Tukapakia magunia mpaka springi zikalala, na mama mmoja mwenye mahindi yale akapanda nyuma pamoja na wanawe wawili wakubwa, wameketi juu ya magunia. Mzee akalala katikati ya magunia kwenye upenyo aliouacha makusudi, uso chini, kijiti kinywani, ncha nyeusi juu ya sakafu ya bodi. Kabla hajalala aliniambia la kufanya. Akigonga mara moja, niongeze mwendo. Mara mbili, niachie mafuta. Mara tatu, niondoe gia gari liteleze lenyewe.

Nimeendesha nikiwa na mabosi, nimeendesha nikiwa na askofu, lakini sijawahi kuendesha kwa hofu kama siku ile. Ngo. Naongeza, mvumo unapanda. Ngo ngo. Naachia, mvumo unabadilika sauti lakini haufi. Tulipofika mteremko akagonga mara tatu, nikaondoa gia. Injini ikawa inapumua taratibu, gari linateleza na mzigo wake, na mvumo ule ule, mzito, unatoka chini yetu. Nikamwona kwenye kioo anajivuta kwa tumbo, inchi kwa inchi, anahamisha kijiti kutoka nyuma ya kichwa changu kwenda katikati, kwenda nyuma, anarudi katikati. Mzee kafumba macho, meno yameuma mti, uso umetulia kama mtu anayesali. Akapiga bodi kwa kiganja nisimame.

Akaingia chini ya gari. Nilibaki nimesimama barabarani naviangalia viatu vyake. Kwa muda mrefu viatu havikutikisika. Nilijua anaangalia nini. Anaangalia shafti inayong'aa, safi, haina hata alama ya chaki.

Akaomba spana bila kunitazama. Akafungua boliti nne, akaitenganisha ile shafti, akaizungusha kidogo tu, kiasi cha kugeuza kifuniko cha chupa, mpaka misalaba ya ncha mbili ikalingana, akairudisha. Kisha nikasikia kinyundo. Kong. Kong. Kong. Kong. Mara nne, polepole. Nikadhani anakaza kitu. Akafunga, akatoka, akajipangusa magoti.

Yule mama akauliza kutoka juu ya magunia: "Eh, Fundi, kumbe ilikuwa nini?"

Mimi hapo nilikuwa nangoja kufa. Mzee alinitazama, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa yamechoka tu. Akamgeukia mama.

"Chuma kilikuwa kigeni kwenye gari hili," akasema. "Sasa wamezoeana."

Tukaondoka. Pikapu ilikwenda kimya kama maji kwenye mfereji. Mahindi yakafika, mvua ikanyesha siku mbili baadaye. Jina langu likapona. Lake halikupona. Mjini watu walielewa kwamba mzee aliharibu, akahangaika, mwisho akabahatisha kurekebisha makosa yake mwenyewe, na mimi nilipoulizwa nilisema, ndiyo, ametengeneza, yamekwisha. Magari yakahamia gereji mpya karibu na stendi, yenye kibao na jeki nyekundu. Mwaka mmoja baadaye nyuma ya mikaratusi hapakuwa na mtu. Nikaambiwa amerudi kijijini, upande wa Kate, analima ulezi. Mimi nikaendelea kupanda. Pikapu ikazaa lori, lori likazaa lori.

Miaka ikapita, ile pikapu nikaipeleka Mbeya kuiuza, na mnunuzi akataka ikaguliwe. Fundi wa kule akashusha shafti, akaifuta kwa kitambaa, akaniuliza nani alizipiga hizi. Nikainama. Kwenye chuma kulikuwa na nukta nne ndogo za ncha ya tindo, mbili kwenye kipande hiki, mbili kwenye kile, zinatazamana. Yule fundi akasema aliyefanya hivi alikuwa na akili, kwa sababu mwenye gari akiosha hazitoki.

Nilikaa chini kwenye tairi. Pikapu sikuiuza siku ile.

Mzee nilimkuta kijijini kwake mwezi wa sita, ameketi juani mbele ya nyumba, ulezi umeanikwa kwenye turubai, koti lilelile. Nilikuwa nimekwenda na lori langu jipya na mzigo wake wa mahindi, sijui kwa nini, labda nilitaka alione. Nilimwamkia. Mkewe akatoka ndani, akaniambia nisijichoshe, hakuna kinachoingia tena, hata radi haisikii. Basi nikafanya kile nilichokuwa nikimwona anakifanyia magari. Nikainama, nikakunja viganja, nikapiga makofi polepole. Akatabasamu, akapiga ya kwake.

Nikaanza kusema na sikujua niseme vipi. Nikachora kwa kidole kwenye vumbi, shafti, vipande viwili, meno. Nikaonyesha kwa mikono mtu anayesugua kwa brashi. Nikajipiga kifuani: mimi. Kisha nikagusa mdomo wangu, nikatikisa kichwa, kumwonyesha nilisema uongo. Nikabaki nimechuchumaa vumbini, mimi mwenye malori matatu.

Mzee akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Ile shafti ilikuwa safi mno," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Mimi sijawahi kuacha chuma safi vile."

Nikafungua mikono, kumuuliza kwa nini hakusema, pale pale barabarani, mbele ya yule mama.

"Mahindi ya watu yalikuwa nyuma. Ningesema, ungebishana, na mvua isingengoja mshindi." Akageuza punje za ulezi kwa kiganja, akazisawazisha. "Nilidhani utasema mwenyewe ukifika mjini. Nilikungoja."

Alisema hivyo bila kuongeza uzito wowote, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Mimi nilishindwa kumtazama. Yeye akainuka, akaingia ndani, akarudi na kijiti. Akalisogelea lori langu, injini ilikuwa haijazimwa, akalipigia makofi, akauma mti, akafumba macho. Tulisimama pale mimi na mkewe kama watu walioko kanisani. Kisha akaniambia klachi inaanza kulegea, nisipakie sana mpaka niitazame. Mafundi wangu wawili wenye vyeti walikuwa wamelikagua lori lile wiki iliyotangulia. Nilipofika mjini nikafungua. Ilikuwa klachi.

Lakini kabla sijaondoka alinishika mkono, akaniwekea kitu kiganjani, akanikunja vidole. Kipande cha chaki.

"Umekuja kuniambia mimi," akasema. "Mimi sisikii. Kaseme kule wanakosikia."

Nilikwenda stendi asubuhi ya pili yake. Madereva walikuwa wanakunywa chai, baadhi walewale, wamezeeka. Nimezoea kuwachekesha, wakadhani naleta kichekesho. Nikawaeleza tangu ile Jumapili, brashi, dizeli, neno nililomjibu mzee, na neno nililolisema mimi kwenye benchi lile lile. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, mwenye basi dogo ambalo mafundi wa mji mzima walikuwa wameshindwa kulinyamazisha, akaweka kikombe chini.

"Kate upande gani?" akauliza.

Nikatoa chaki mfukoni, nikamchorea njia kwenye mlango wa lori langu, na wiki ile lori hilo sikuliosha.